Mnaoanza kusoma historia ya Marekani ya miaka ya 70 hadi 90, anzeni na pesa

Wadogo zangu, nimewasaidia wengi kujiandaa na mtihani wa hii kozi na karibu wote wanaanzia palepale, wanakariri marais, Nixon, Ford, Carter, Reagan, halafu likija swali la kwa nini wanakwama. Mimi nasema anzeni na pesa. Agosti 1971 Nixon alisitisha dola kubadilishwa kwa dhahabu, kabla ya hapo serikali za nje zilikuwa zinapeleka dola 35 zinapewa wakia moja. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikainyima Marekani mafuta kwa sababu iliisaidia Israel vitani, pipa la kama dola 3 likafika karibu 12 mwanzoni mwa 1974, foleni kwenye sheli ndo usiseme, bei zinapanda na kazi zinapungua kwa mpigo.

Watergate, ile kashfa ya watu wa Nixon kuvunja ofisi za chama pinzani na yeye kusaidia kuificha, isomeni kama kesi, sio kama udaku. Kanda za mazungumzo ya ofisini alizojirekodi Nixon mwenyewe ndo zilimmaliza, Julai 1974 Mahakama ya Juu ikaamua 8 kwa 0 azitoe, na tarehe 9 Agosti akawa ameshaondoka.

Ila mwaka wa kukaa nao sana ni 1979. Agosti Paul Volcker akawa mkuu wa Benki Kuu ya Marekani, akazibana pesa mpaka riba zikagusa asilimia 20, mfumuko wa bei ukashuka kweli lakini mwisho wa 1982 wasio na ajira walifika asilimia 10.8, na nchi zilizokopa kwa dola zikaumia vibaya maana riba ya madeni yao nayo ilipanda, Mexico Agosti 1982 ikasema wazi haiwezi kulipa. Hapo katikati kuna mateka 52 wa Kimarekani walioshikiliwa Tehran, Iran, siku 444, Carter akaangushwa uchaguzi wa 1980.

Sasa mgomo wa waongoza ndege, wale wanaowaelekeza marubani wakiwa chini, wa Agosti 1981 msiupite haraka jamani, mi naona ndo umedharauliwa kuliko yote. Walikuwa watumishi wa serikali na sheria iliwakataza kugoma, Reagan akawapa masaa 48, waliokataa kurudi kazini wakafukuzwa, zaidi ya watu 11,000, na chama chao ndo hichohicho kilichomuunga mkono kwenye kampeni. Baada ya hapo hata waajiri binafsi wakapata ujasiri, watu wakigoma wanaajiriwa wengine. Inaniuma kila nikiifundisha, kwa sababu ukiielewa hiyo utaelewa kwa nini mfanyakazi wa kule alianza kuogopa kugoma.

Kwenye daftari, kila tukio andikeni pembeni nani alilipa gharama, mtaona majibu ya insha yanakuja yenyewe.

Na msiishie kwenye kuanguka kwa Ukuta wa Berlin mwaka 1989. Sheria ya uhamiaji ya 1990, aliyoisaini George H. W. Bush, ndo imezaa ile bahati nasibu ya grini kadi ambayo wengi huku kwetu wameijaza, kwa hiyo kama una ndugu aliyeondoka kwa njia hiyo mpigie, muulize kazini kwake kuna chama cha wafanyakazi au hakuna, na bosi anasemaje kikitajwa.