Maswali na majibu: Hivi picha zako zipo wapi hasa?

Safari hii karibu kila aliyeandika analia na picha: zimepotea, zimejirudia, zimefubaa. Nimeyafupisha maswali yenyewe ili majibu yapate nafasi.

Simu ilijaa, nikafuta picha za mwaka mzima nikijua zipo salama Google Photos. Sasa na huko hazipo. Nani kazifuta?

Umezifuta mwenyewe, ndugu yangu, ila hukuelezwa vizuri. Ukifuta picha ndani ya programu ile, amri haiishii kwenye simu. Inapanda hadi kwenye akaunti, kisha inashuka kwenye kila kifaa kinachotumia akaunti hiyo. iCloud Photos ya Apple nayo ni hivyohivyo. Kazi yao ni kuhakikisha vifaa vyote vinafanana, na hufanana hata katika kupoteza.

Kimbilia tupio kwanza. Google huziweka humo siku 60 picha zilizokwisha kupakiwa, Apple siku 30. Kama muda haujapita, zirudishe leo. Siku nyingine ukitaka kupunguza mzigo wa simu, tumia kitufe cha programu yenyewe cha kupata nafasi: kinaondoa nakala ya kwenye simu tu, tena za zile picha zilizokwisha kupakiwa. Na mnaokumbuka enzi za kupakia bila kikomo, ziliisha tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo picha mpya zinakula GB 15 zilezile za barua pepe na Drive, na zikijaa upakiaji unasimama. Watu hukaa miezi wakidhani picha zinapanda, kumbe wapi.

Lakini kujua kitufe hakutoshi. Nakala inayofuata kila unalofanya si nakala ya akiba. Akiba ni ile ambayo ukikosea hapa, yenyewe haina habari. Kuna kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikae mahali pengine kabisa ili moto au mwizi asizikute zote pamoja. Kwa wengi wetu hiyo ni kompyuta, diski ya nje na wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Diski ichomekwe siku ya kunakili, kisha ichomolewe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo.

Kwa kunakili, FreeFileSync ni ya bure na inatosha, ila soma kabla ya kubonyeza. Ukichagua hali iitwayo Mirror, picha uliyoifuta kwenye kompyuta itaondolewa na kwenye diski, na utakuwa umerudi palepale. Chagua Update, ambayo inapeleka picha mpya na zilizobadilishwa bila kuondoa za zamani.

Shikamoo mwalimu. Picha za harusi nilitumiwa kwa WhatsApp. Kwenye simu zinapendeza, nikichapisha kubwa zina ukungu.

Marahaba. WhatsApp huzibana picha ili zisafiri haraka, na kilichobanwa hakirudi, hata uwe na programu gani ya kuhariri. Piga hesabu: uchapishaji mzuri unataka pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, 300 kwa kila inchi. Picha yenye pikseli 1,600 upande mrefu itatoka safi mpaka kama sentimita 13 na nusu. Ukiivuta iwe ya ukutani, huo ukungu ni halali yake.

Mwombe aliyepiga azitume upya kama hati, si kama picha. Hapo faili linakuja lilivyo. Utapata na faida ya pili. WhatsApp ikibana picha huondoa pia taarifa zilizoandikwa ndani ya faili, zikiwemo tarehe ya kupigwa na aina ya kamera. Jina kama IMG-20230812-WA0004 lina tarehe, ndiyo, lakini si ya siku picha ilipopigwa. Ndiyo maana picha ya zamani uliyotumiwa jana inajipanga pamoja na za jana.

Tulipiga sherehe moja kwa kamera mbili, moja ikiwa nyuma saa mbili. Nikizipanga kwa muda, keki inakatwa kabla wageni hawajaingia.

Hii inanifurahisha kwa sababu inatibika kabisa. Weka picha za kamera iliyochelewa kwenye folda yake, kisha tumia digiKam, programu ya bure yenye sehemu ya kurekebisha muda wa picha nyingi kwa pamoja. Kama huogopi kuandika amri, ExifTool ya Phil Harvey inamaliza kazi kwa mstari mmoja: `exiftool -AllDates+=2 folda`, ambapo neno la mwisho ni jina la folda yako. Hapo umeongeza saa mbili kwa kila picha iliyomo. ExifTool huacha faili la awali kando, jina lake likiishia na `_original`. Usiyafute hayo mpaka uone keki imekaa mahali pake.

Nikiacha kulipia Lightroom, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, picha zangu zitakwenda nazo?

Kama ni Lightroom Classic, picha zipo kwenye diski yako na hazijawahi kuhama. Kinachokaa ndani ya programu ni katalogi, faili linaloishia na .lrcat, ambalo limeandikwa maelekezo yako yote: punguza mwanga hapa, kata ukingo pale. Usipolipa, programu bado inafunguka, unaona na kusafirisha picha, ila sehemu ya kuhariri inafungwa.

Kabla ya kuondoka, safirisha zile ulizozitolea jasho ziwe TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, au JPEG, ile ya kawaida, ya ubora wa juu. Maelekezo yanaweza kuhifadhiwa pia kwenye mafaili madogo ya XMP yanayokaa kando ya picha, lakini usitegemee programu nyingine za kuhariri kama darktable au RawTherapee ziyasome yote na kutoa rangi ileile. Kila programu ina mkono wake. Nyota na maneno ya kutafutia ndivyo huhama vizuri.

Na hili niliseme hata kama hukuuliza. Lile dirisha la Lightroom linalokuuliza uhifadhi nakala wakati wa kufunga hunakili katalogi peke yake. Hakuna hata picha moja ndani yake. Wengi hubonyeza ndiyo miaka na miaka wakiamini wamejikinga.

JPEG huchakaa kila ukiifungua?

Hapana. Huchakaa ukiihariri na kuihifadhi upya kama JPEG. Angalia utakavyo.

Nina maelfu ya picha zilizojirudia. Programu gani izifute zenyewe?

Isiwe yoyote, kwa maana ya zenyewe. dupeGuru na Czkawka zinatafuta vizuri, bure, ila tofautisha misako miwili. Wa kwanza unalinganisha yaliyomo kwenye mafaili. Yakilingana kila kitu, futa moja bila wasiwasi. Wa pili unatafuta picha zinazoshabihiana, na huo utakuwekea pamoja picha tano za mtoto ulizopiga mfululizo, moja tu kati yake akiwa amefumbua macho. Hiyo kazi ni ya binadamu. Anza na msako wa kwanza, ukiwa umeshanakili kila kitu pembeni.

Nimefomati kadi ya kamera kimakosa. Fundi anasema nisahau.

Bado usisahau. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha tu, si picha zenyewe, mpaka picha mpya ziandikwe juu yake. Kwa hiyo itoe kadi kwenye kamera sasa hivi na usipige hata moja. Ipeleke kwenye kompyuta, endesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, nayo ni ya bure, na uielekeze kuweka inachokipata kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Sura yake ni maandishi matupu na inaweza kuchukua saa nyingi. Majina ya awali hayatarudi. Utapata mafaili yanayoanza na herufi f na tarakimu nyingi, yamechanganyika. Yaingize digiKam uyapange kwa tarehe, maana hiyo imeandikwa ndani ya picha.