Mzazi, daktari na jaji: jibu langu kwa mleta mada kuhusu watoto walio kwenye mashine Uingereza

Mleta mada umeuliza inakuwaje jaji wa Uingereza, ambaye hajawahi hata kumpakata mtoto, anawashinda baba na mama yake na kuruhusu mashine ya kupumulia iondolewe. Waliokujibu wengi wamesema ni Wazungu kukosa utu. Mimi ni muuguzi wa watoto mahututi hukuhuku Uingereza, na jambo hili linanigusa sana, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Sheria ya Watoto ya 1989 inatanguliza ustawi wa mtoto. Mzazi na daktari wakielewana, na mara nyingi huelewana, hakuna anayekwenda kortini. Wakishindwana, hospitali hairuhusiwi kujiamulia. Inafungua shauri Mahakama Kuu, na mtoto anapewa mwakilishi wake mwenyewe, mbali na mawakili wa wazazi na wa hospitali. Jaji hapimi nani anampenda mtoto zaidi. Anaangalia maslahi ya mtoto tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Charlie Gard, aliyezaliwa Agosti 2016 na ugonjwa adimu wa kurithi uliodhoofisha misuli na ubongo. Wazazi walichangiwa zaidi ya pauni milioni 1.3 wampeleke Marekani kwa tiba ya majaribio. Madaktari wa Great Ormond Street, hospitali ya watoto ya London alikolazwa, wenyewe walikuwa wamefikiria kuijaribu Januari 2017, kisha degedege likazidi wakaona ubongo umeshaharibika. Jaji Francis aliamua Aprili kwamba mashine iondolewe, rufaa zikafika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, zote zikagonga mwamba. Charlie alifariki tarehe 28 Julai 2017, wiki moja kabla ya kutimiza mwaka.

Sasa nieleze msichokiona kwenye habari. Mtoto mwenye mpira kooni analia bila sauti, kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Uso unakunjamana, machozi yanatoka, mapigo ya moyo yanapanda kwenye skrini, na wodi iko kimya. Makohozi tunamnyonya kwa mrija usiku na mchana, na kila ukiingiza mrija anajikunja. Kwa mtoto atakayepona unajikaza. Kwa yule asiye na tumaini, mkono unakuwa mzito. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema mzazi aachiwe kila kitu. Lazima awepo mtu wa kuuliza mtoto anapitia nini.

Lakini mama mmoja aliwahi kuniambia, "Sista, wewe saa mbili usiku unatoka zamu." Alisema kweli. Mzazi ndiye atakayekaa na msiba huu maisha yake yote, na hapo ndipo naona mahakama za huku zinabana kupita kiasi. Kama mtoto hateseki, na kuna hospitali nyingine yenye sifa iko tayari kumpokea, kwa nini azuiwe? Mwaka 2019 Jaji MacDonald alikubali Tafida Raqeeb, binti wa miaka 5 aliyevuja damu kwenye ubongo, ahamishiwe hospitali ya Gaslini kule Genoa, Italia. Alizingatia kwamba huenda hasikii maumivu, na akaipa uzito imani ya familia yake ya Kiislamu. Januari 2020 alitoka wodi ya mahututi (ICU). Hakupona, ila aliendelea kuishi na wazazi wakamuuguza. Archie Battersbee, mvulana wa miaka 12 aliyeharibika ubongo, mwaka 2022 wazazi wake walikataliwa hata kumhamishia hospisi, nyumba ya kutunzia wanaokaribia kufa, afie mahali penye utulivu, kwa hofu kwamba angekufa njiani. Ile iliniuma.

Na tusijidanganye kuhusu nyumbani. Kesi hizi hatuzisikii kwa sababu vitanda vya ICU ya watoto ni vichache na bili inapanda kila siku. Mzazi anaishiwa pesa kabla hajamfikia jaji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 na Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya nazo zinatanguliza maslahi ya mtoto, kwa hiyo jaji wetu angeanzia palepale.

Kwa ndugu aliyeandika hapo juu kwamba mdogo wake ana mtoto aliye katika hali hii huku Uingereza: mwambie aombe sasa hivi maoni ya daktari wa hospitali nyingine, anaruhusiwa kuomba, asingoje barua ya mahakama. Vile vikao vyenye wataalamu wanane upande mmoja na wazazi wawili upande wa pili asiingie peke yake. Aende na shehe, mchungaji au mtu mzima wa familia, na mmoja aandike kila kinachosemwa. Aombe msuluhishi wa nje na aonane na timu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, kwani kuonana nao si kukubali mtoto afe. Wakili amtafute mapema. Wazazi wa Charlie walitetewa na mawakili waliojitolea bila malipo.