Mkurugenzi kaniambia ninyamaze, madereva wanauliza mshahara

SWALI: Mzee, nasimamia yadi ya malori hapa Malaba. Mteja wetu mkubwa wa saruji kaondoka, mshahara wa mwezi uliopita haujatoka, na mkurugenzi aliye Kampala ameniagiza nisiseme lolote mpaka benki ijibu. Gari nyingine ziko Elegu zikisubiri kuvuka kwenda Juba. Niwaambie nini vijana?
– Msimamizi, Malaba

JIBU: Mwanangu, mpigie mkurugenzi asubuhi hii umweleze kwamba utasema, kisha sema leo leo.

Wenzako wameshajua. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, hutakiwa kulipwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na mwanachama huangalia salio kwenye simu yake. Dereva asipouona mchango, anapiga hesabu zake, na kwenye kikundi cha WhatsApp habari inakuwa gari zinauzwa.

Anza na walio Elegu. Wapigie mmoja mmoja, usiwatumie ujumbe. Mtu aliye mbali na kwake, ana mzigo wa wenyewe na hela ya njia imemwishia, ndiye mwenye hofu kuliko wote, na ndiye anayeshawishika kuuza dizeli ili ale. Mtajie siku utakayomtumia posho, na siku hiyo itume. Halafu waite wa yadini. Sema mteja kaondoka, mshahara haujapatikana, benki haijajibu, na Ijumaa mtakutana tena hata kama hakuna jipya. Usiwaahidi kwamba hakuna atakayeachishwa. Hilo haliko mikononi mwako.

Mkurugenzi mkumbushe Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006. Akikusudia kupunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu za kiuchumi, lazima amwandikie Kamishna wa Kazi, na chama cha wafanyakazi, kama kipo, kielezwe mapema. Aliyetumikia miaka 5 hadi 10 anastahili notisi ya miezi 2. Aliyefikisha 10, miezi 3. Notisi haihesabiwi kabla mtu hajaandikiwa, kwa hiyo kila wiki anayonyamaza anajiongezea mishahara ambayo hana.

Kuna mataniboi, wasaidizi wa madereva, wasio na barua za ajira, nao wananiuma zaidi. Waite kwenye kikao hicho hicho, uandike majina yao na siku walizofanya kazi, watie sahihi. Fedha zikipatikana, wao ndio husahaulika kwanza.