Hedifoni Vueni, Spika Washeni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Podikasti na mihadhara ya kusikiliza inabadili mawazo ya mtu, au inasogeza muda tu?" Inabadili. Na sisi wa Dodoma tunaweza kulisema hilo kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu tulishawahi kupimwa.

Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba masuala ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mikoa mingine ikausikia, huku kwetu mtambo wa Dodoma ukaachwa makusudi urushe vipindi vingine, ili watafiti wapate wa kuwalinganisha na waliosikia. Wenzetu wakawa wanabishana kuhusu Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia na wanawake, na mkewe Tunu aliyechoka naye akaamua kuanzisha biashara yake. Sisi tulikuja kuupata mwaka 1995. Watafiti walipolinganisha, waliona uzazi wa mpango umepanda zaidi kule mchezo ulikosikika, na ulipoletwa Dodoma mambo yakaanza kubadilika hapa pia. Kwa hiyo mtu akiniambia hadithi ni porojo, namwambia sisi tulinyimwa hiyo porojo miaka miwili na pengo likaonekana. (Kati ya wazee ninaowafahamu hapa mjini, sijapata hata mmoja anayejua kwamba alikuwa kwenye utafiti.)

Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo ambalo watu hulipita haraka: wasikilizaji walikwenda kuuzungumzia mchezo na wenzi wao na majirani. Kazi kubwa ilifanyika hapo, redio ikiwa imeshazimwa. Miaka 20 nyuma yake, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilifuata njia hiyo. Watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakakubaliana nani achimbe choo na madimbwi gani yafukiwe. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Leo panda treni ya umeme kutoka Dar hadi hapa uangalie behewani: kila mtu kaziba masikio, kila mtu na mhadhara wake. Akishuka, aliyoyasikia anashuka nayo kichwani mwake peke yake, na kabla hajafika nyumbani nusu yameshapotea.

Mimi ni fundi cherehani maeneo ya Majengo. Barazani tupo mafundi kadhaa na spika moja ndogo. Nikikata kitambaa naomba izimwe, maana mkasi hausamehe. Nikishaanza kupiga pindo za sare za shule, masikio hayana kazi, basi tunawasha. Mhadhara uliojaa takwimu haufai kabisa kwa fundi: mikono yote miwili iko kwenye kitambaa, nani atarudisha nyuma? Unaofaa ni wenye mtu, tukio, na swali lililoachwa wazi.

Mfano ni ule wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Tanga, aliogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa yake ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza sababu, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Akiwa hukohuko alimuuliza Dkt. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, wenzake wakacheka, lakini Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala.

Fundi mwenzangu, kaka mmoja mbishi wa kuzaliwa, aliposikia hivyo alisimamisha cherehani. "Haiwezekani! Maji ya moto lazima kwanza yawe ya baridi, ndipo yagande. Yatampitaje aliyeanza mbele?" Dada anayeuza barafu za ubuyu jirani yetu akasema maneno ya nini, friza si ipo. Tukaweka vikombe viwili. Cha baridi kikatangulia kuganda. Kaka akashangilia, dada akamwambia vikombe havikujazwa sawa, na cha moto kilikaa karibu na mlango. Kumbe ubishi wetu ndio ubishi wa wanasayansi: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa makini wakakosa ushahidi, wakaeleza kwamba hata pale kipimajoto kinapowekwa kunaweza kuyapotosha majibu. Yule kaka hakufika kidato cha pili, na siku hizi akipingana na mtu huanza kwa kuuliza, "Mmepimaje?"

Shida yangu ni lugha. Mwaka 1979 Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa mihadhara ya Reith, ile ya kila mwaka ya redio ya BBC, kuhusu hali ya Afrika, mihadhara sita mizito, yote kwa Kiingereza. Sawa, ndivyo walivyoandaa wao. Ila ya Kiswahili ya kiwango hicho iko wapi? Ninazokutana nazo nikitafuta ni podikasti za mastaa, ndoa zao, na namna ya kutajirika bila mtaji.

Mkitaka mada ya biashara ya kurekodi kwa Kiswahili, tuna somo hapo Kongwa, mkoani kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori walime karanga kwa matrekta. Mvua ikawa ya kubahatisha, udongo wa mfinyanzi ukikauka unakuwa kama saruji, na mpango ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umeteketeza zaidi ya pauni milioni 36, na karanga zilizopatikana hazikufikia hata mbegu zilizoagizwa. Kaeni meza moja na mtaalamu wa udongo, mhasibu, mkulima wa karanga wa Kongwa wa leo, na mtoto wa kibarua wa enzi zile. Waacheni wabishane dakika 40 kwa Kiswahili, msiwakate. Bando la kupakua tutachangishana hapahapa barazani.