Umefaulu sayansi lakini roho iko kwenye History? Njoo tuongee

Juzi usiku dogo mmoja kanitumia meseji ndefu kweli. "Shikamoo dada, nimemaliza fomu foo, Biology nina B, Chemistry C, History A, mimi naitaka HGL (History, Geography na English Language) ila baba kasema nikichagua history nitafute na wa kunilipia ada." Nikacheka peke yangu maana hayo maneno nayajua. Kwangu mimi aliyesema ni baba mdogo, tena siku ya Idd mbele ya wageni, sahani ya pilau mkononi: "Huyu anaenda kusomea habari za marehemu." Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, na nikwambie ukweli, cha baba mdogo nilishakisamehe zamani, ila kile kicheko cha mama bado kinanichoma.

Nikaenda HGL hivyo hivyo. Bwenini watu wa PCM, wale wa Physics, Chemistry na hesabu, walikuwa wanatuita watu wa hadithi, eti sisi tunalala wao wanakesha, wakati History peke yake ina pepa mbili, moja ya Afrika, nyingine ya dunia, kila moja masaa matatu ya kuandika mpaka kidole kinaota sugu. Miaka yenyewe ya maharage na foleni ya maji naruka, wote mnaijua.

Sasa nisikilize hapa. Kama ulipata A ya O-level kwa kumeza pointi sita za kila topiki, usidhani fomu faivu utaendelea kumeza. Tulikuwa na mwalimu mmoja, ukimwandikia kwamba Maji Maji ilisababishwa na ukatili wa Wajerumani anakuzungushia peni nyekundu: wapi? lini? nani? Akawa anatukalisha chini. Kwanini vita vianzie Umatumbini, kule Nandete, Julai 1905, kwanini watu waanze kwa kung'oa pamba na sio kitu kingine? Ndo unagundua pamba yenyewe walikuwa wanalimishwa kwa lazima kwenye mashamba ya jumbe, ya kwao nyumbani yanaachwa, malipo hayaeleweki, halafu anatokea Kinjekitile kule Ngarambe na dawa inayowaunganisha watu ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na kwao. Hapo kwanini Songea nao waliingia unaelewa bila kukariri. Pepa ya pili ni hivyo hivyo, usikariri kwamba Wafaransa walipindua mwaka 1789, uliza bei ya mkate ilikuwaje na kodi alikuwa analipa nani na nani halipi. Mimi pale ndo akili ilifunguka, na matokeo yalivyotoka nilikuwa na divisheni wani, ya pointi nzuri tu, baba mdogo alipiga simu kunipongeza nikamwachia mama aongee naye.

Nikasoma sheria. Leo kazi zangu nyingi ni migogoro ya ardhi vijijini, na ndugu zangu pale ndo History inalipa hela. Mwaka huu nilikuwa na kesi ya wazee wanaodai mashamba waliyohamishwa kipindi cha Operesheni Vijiji miaka ya sabini. Wakili wa upande wa pili kaja na makaratasi ya juzi juzi, mimi nikaanzia kwenye Azimio la Arusha 1967, nikaja watu walivyobebwa kwenye malori kupelekwa vijiji vipya na maeneo yao wakapewa wengine, nikaja sheria ya 1992 iliyotaka kuzifuta haki zao za kimila, mpaka Mahakama ya Rufani 1994 ilivyosema haki hizo ni mali na Katiba inazilinda. Tulishinda. Sijisifu, yaani kidogo najisifu.

Kwahiyo mdogo wangu, andika. Kila siku andika insha moja, kwa Kiingereza, maana mtihani ni Kiingereza na wengi wanaoanguka kichwani majibu wanayo ila mkono unakataa. Kila hoja iwe na mahali na mwaka. Solvu pasti pepa. Halafu andika tena. Na soma vitu nje ya notisi, desa, yaani notisi za kuazima za mtu, litakupa pointi za huyo mtu na msahihishaji kashaziona kwa wenzako mia.

Nisikudanganye pia, ukitaka ualimu wa arts ajira imebana, nafasi zikitoka wa sayansi na hesabu ndo wanaanza kuitwa, baba yako hapo ana hoja usimbishie kwa kelele. Mwambie HGL inafungua sheria, uhusiano wa kimataifa, uandishi, utawala, na umwonyeshe hiyo A, maana wazazi wengi wanaogopa njaa tu, hawana ugomvi na somo. Ila asikulazimishe PCB (Physics, Chemistry, Biology) na hiyo Physics yako ambayo naona hata hukuitaja kwenye meseji!

Cha haraka ni hiki: TAMISEMI, wale wa serikalini wanaopanga wanafunzi wa fomu faivu, wakifungua mfumo wa kubadili tahasusi, yaani kombi ya masomo, ingia mapema, usingoje siku ya mwisho mtandao unavyokwama, na HGL iweke ya kwanza. Baba akitaka kuongea na mimi aongee tu, jioni nipo, asubuhi nakuwa mahakamani.