Wikiendi milimani na watoto: baridi, mwendo na mteremko

Safari nyingi za wikiendi milimani huharibika usiku wa kwanza, na chanzo ni baridi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Bondeni kukiwa na nyuzi 28, mita 2,000 juu yake tarajia 16 mchana, na usiku chini ya hapo. Wengi hubeba sweta moja zito na jinzi. Jinzi ikilowa milimani inaweza isikauke mpaka siku ya kurudi. Afadhali nguo tatu nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine: fulana isiyo ya pamba, sweta, kisha koti la mvua. Mtoto mvue sweta kabla hajaanza kutoka jasho, na mkisimama tu kupumzika mvishe tena. Ukisubiri mpaka atetemeke, umechelewa.

Mkilala hemani, ardhi ndiyo hunyonya joto la mwili. Blanketi mbili za kujifunika hazifui dafu kama mgongo uko juu ya turubai tupu. Moja itandikeni chini. Jiko la mkaa lisiingie hemani wala chumbani, hata kama yamebaki makaa machache. Kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye makaa, haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Chagueni malazi yaliyo chini ya mita 2,500. Kuanzia hapo maradhi ya mwinuko huanza kujitokeza: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi. Mtoto mdogo hatakwambia kichwa kinamgonga. Atakataa chakula na kulialia bila sababu. Dalili zikizidi, msisubiri kukuche ikiwa njia ni salama: shukeni.

Halafu mwendo. Mtu mzima hukadiriwa kilomita 5 kwa saa, na kila mita 600 za kupanda huongeza saa nzima. Mkiwa na watoto, zidisheni mara mbili. Njia ya kilomita 6 yenye mita 300 za kupanda itawachukua kama saa tatu na nusu, bila kuhesabu vituo vya kula, kukojoa na kutazama vijidudu (navyo ni vingi). Ondokeni saa moja asubuhi na mkubaliane mapema kwamba ikifika saa sita mnageuza, popote mlipo. Mawingu ya radi mara nyingi hujikusanya alasiri, na kileleni ndipo pabaya zaidi kukutwa nayo. Anayeongoza awe mtoto mwenye mwendo wa polepole. Akiwekwa nyuma, kila anapowafikia wenzake wameshapumzika na wanaondoka, yeye hapumziki kamwe.

Maharage yachemsheni nyumbani. Kwenye mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na mtamaliza gesi punje zikiwa bado ngumu.

Kurudi, dereva asishuke mlima kwa kukanyaga breki mfululizo. Breki hupata moto na kuacha kushika. Aweke gia ndogo tangu juu, injini ilizuie gari, na breki aikanyage kwa vipindi. Mkisikia harufu ya kuungua, egesheni mahali salama zipoe zenyewe. Msizimwagie maji, diski hupinda au kupasuka. Mtoto mchanga anyonye chupa wakati wa kushuka, kwa kuwa kumeza huzibua masikio. Anayenyonya ziwa la mama, simamisheni gari kwanza.