Losheni yenye maji huoza: jinsi ya kuihifadhi vizuri

Ukiyeyusha siagi ya shea, mafuta ya nazi na nta ya nyuki pamoja, unapata mafuta ya mgando yanayoweza kukaa kabatini miezi mingi bila kuota chochote. Ukitia humo vijiko viwili vya alovera iliyokamuliwa asubuhi, hesabu imebadilika. Bakteria na kuvu hawastawi kwenye mafuta matupu kwa sababu hawana maji ya kunywa, na wewe umewaletea maji pamoja na chakula.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza utumie kihifadhi gani, jiulize kama kuna maji ndani ya kopo. Na maji si yale ya bombani tu. Maji ya waridi ni maji. Alovera, maji ya mchele, maziwa, chai ya mimea na juisi ya tango vyote ni maji. Wanawake wa Unguja hawakuhitaji maabara kulijua hili: singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, huwekwa ikiwa unga mkavu, halafu hutiwa maji ya waridi kwenye kibakuli siku ya kusingwa, na inayobaki haitunzwi. Kama hutaki kabisa vihifadhi, fuata njia hiyo. Uza unga mkavu au mafuta matupu, mteja aongeze maji mwenyewe. Ila mweleze asiingize vidole vibichi kwenye kopo, hasa kama scrub yake inatumika bafuni.

Sasa vitamini E. Hili kosa linarudiwa kila mahali: mtu anatia matone kumi ya vitamini E kwenye losheni na kuandika kwenye lebo kwamba ni kihifadhi cha asili. Vitamini E haiui bakteria hata mmoja. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache, yaani yasipate ile harufu ya karanga zilizokaa sana. Kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.5 kinatosha. Mafuta ya karafuu, mti wa chai au mwarobaini nayo yana nguvu fulani dhidi ya vijidudu, lakini kiasi cha kutosha kulinda losheni nzima kitaunguza ngozi ya mteja kabla hakijamsaidia.

Upande wa pili kuna fomalini, ambayo wengi wameizoea kwenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sakafu. Usiihamishie kwenye losheni. Inawasha, inaleta mzio, na imeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani.

Kihifadhi cha kuanzia, kwa anayetengeneza nyumbani au kwenye karakana ndogo, ni mchanganyiko wa fenoksiethanoli na ethilheksiliglisarini. Unauzwa ukiwa kimiminika, hutumika kwa asilimia 0.5 hadi 1 ya bidhaa yote, na haujali sana pH, yaani kipimo cha uchachu (namba ikishuka, uchachu unazidi). Asilimia hiyo ni ya uzito wa losheni nzima, si ya maji peke yake. Usipunguze kwa kuona huruma, wala usizidishe kwa hofu. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa fenoksiethanoli kuwa asilimia 1, na ukizidisha unaanza kupokea malalamiko ya mwasho.

Sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti zinapendwa kwa sababu ni rahisi na zinajulikana kwenye vyakula. Ni nzuri dhidi ya kuvu, dhaifu kidogo dhidi ya bakteria, na zina sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji: zinafanya kazi kwenye uchachu tu. Chukua benzoeti. Kwenye pH 4.2, nusu yake iko katika umbo linaloua vijidudu. Kwenye pH 5.2 inabaki kama asilimia 9. Kwenye pH 6.2, asilimia 1 tu. Maana yake, losheni mbili zenye kiasi kilekile cha benzoeti, moja ikalindwa na nyingine ikaota ukungu, tofauti ikiwa ni pH peke yake. Kama hupimi pH, achana na benzoeti.

Tuje kwenye losheni yenyewe. Pima kila kitu kwa gramu, pamoja na vimiminika. Vijiko na vikombe havifai hapa. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja inatosha kwa maji na mafuta, lakini kwa kihifadhi tafuta inayosoma 0.01. Kwa gramu 500 za losheni, gramu 5 za kihifadhi zikisomwa vibaya kwa nusu gramu tayari umekosea kwa sehemu ya kumi.

Kwa gramu hizo 500, sehemu ya maji ni gramu 359 za maji ya distili (yaliyoondolewa madini), gramu 20 za glisarini na gramu 1 ya EDTA. Sehemu ya mafuta ni gramu 30 za siagi ya shea, gramu 40 za mafuta ya alizeti, gramu 30 za nta imalsifaya (ile inayoshikamanisha maji na mafuta, nta ya nyuki haifanyi kazi hiyo) na gramu 10 za setili alkoholi ya kuipa losheni uzito. Vya mwisho, vinavyoingia ikishapoa: gramu 5 za kihifadhi, gramu 2.5 za vitamini E na gramu 2.5 za manukato.

EDTA ni kitu kidogo kinachodharauliwa. Inafunga madini yaliyomo kwenye maji, na inalegeza ukuta wa nje wa baadhi ya bakteria wagumu ili kihifadhi kipenye. Maji ya kisima, hasa yale ya chumvi ya Dar es Salaam, usiyatumie hata ukiyachemsha: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini madini yanabaki palepale. Na ukienda dukani kutafuta distili, soma chupa vizuri. Ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa tindikali.

Safisha meza, mwiko, blenda ya mkono na vyombo, vifute kwa spiriti ya asilimia 70, viache vikauke vyenyewe. Spiriti ya asilimia 95 haifai zaidi: inakauka upesi mno, na bila maji haipenyi vizuri kwenye kijidudu. Pima uzito wa sufuria ya maji kabla ya kuipasha. Pasha sehemu zote mbili, kila moja kwenye chombo chake ndani ya maji yanayochemka taratibu, hadi nyuzi 70 au 75, na uzishikilie hapo dakika 20. Kisha pima tena sufuria ya maji. Kilichopungua ni mvuke, kirudishe kwa maji ya distili ya moto. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini losheni ya leo ni nzito kuliko ya wiki iliyopita.

Mimina mafuta kwenye maji na upige kwa blenda, kichwa chake kikiwa kimezama kabisa. Kikichungulia juu kinaingiza hewa na utapata povu lisiloisha. Piga dakika mbili, pumzika, piga tena. Weka sufuria kwenye beseni la maji ya baridi na uendelee kukoroga. Kupoza haraka kunasaidia shea: ikipoa polepole, sehemu zake zinaganda kwa nyakati tofauti na unapata chembechembe kama semolina. Haziharibu bidhaa, lakini mteja atadhani ni mchanga.

Ikifika chini ya nyuzi 40, tia kihifadhi, vitamini E na manukato. Koroga kwa mwiko dakika tatu kamili, ukikwangua pembeni na chini, kwa sababu kona isiyofikiwa na kihifadhi ndiyo itakayoota. Losheni ikilegea kidogo baada ya kutia fenoksiethanoli, ni tabia yake.

pH ipime kesho yake, si palepale. Changanya gramu 1 ya losheni na gramu 9 za maji ya distili, chovya karatasi ya kupimia pH. Unataka 5 hadi 5.5. Ikiwa juu, yeyusha gramu 1 ya asidi ya sitriki kwenye gramu 9 za maji ya distili yaliyochemshwa, utie matone machache machache, ukikoroga na kupima upya kila mara.

Kujaza chupa nako kuna mtego. Losheni ikiwekwa kopo ingali na uvuguvugu na kufungwa, mvuke unapanda, unagota kifuniko na kudondoka tena juu yake. Hayo matone ni maji matupu yasiyo na kihifadhi. Ukifungua kopo baada ya wiki kadhaa na kukuta duara la kijivu juu tu huku chini kuko safi, usilaumu kihifadhi kwanza. Jiulize ulifunga ikiwa na joto gani. Subiri ipoe kabisa, ukifunika sufuria kwa kitambaa safi. Chupa ya pampu au tyubu ni bora kuliko kopo la mdomo mpana, na chupa zilizowahi kutumika usizirudie.

Kuhusu mimea mibichi, msimamo wangu ni mkali: usitie. Alovera iliyokwanguliwa, papai, tango na maziwa ya nazi vinaingia na vijidudu vyake pamoja na sukari ya kuwalisha, na kihifadhi cha asilimia 1 kinaweza kuzidiwa mapema tu. Tumia unga mkavu wa alovera. Ule uliokolezwa mara 200, gramu 1 kwa gramu 199 za maji inakurudishia juisi. Udongo wa vipodozi nao unanyonya vihifadhi, kwa hiyo maski yenye udongo iuzwe kavu. Anayependa alovera mbichi aipake siku hiyohiyo, au aiweke friji na kuimaliza ndani ya siku chache.

Usitegemee pua wala macho kukuambia kama losheni ni salama. Harufu ya uchachu, madoa, chupa kuvimba au losheni kugeuka maji ni dalili za mwisho. Bakteria wanaweza kuwa maelfu kwa maelfu kwenye gramu moja, nayo bado inanukia waridi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17516 kinataka vijidudu visizidi 1,000 kwa gramu, na 100 kwa bidhaa za watoto wa chini ya miaka mitatu au za kupaka karibu na macho. Maabara pia hufanya jaribio la kuiingizia losheni vijidudu makusudi na kufuatilia kwa siku 28 kama kihifadhi kinawamaliza. Lina gharama, ndiyo, lakini ukibadilisha hata kiungo kimoja kikubwa, matokeo ya fomula ya zamani hayakulindi tena.

Nyumbani unaweza kupima kama losheni inashikamana, si usalama wake. Jaza chupa tatu: moja ikae kabatini, moja dirishani penye jua, moja ilale friza na kutolewa asubuhi kwa siku tatu mfululizo. Maji yakijitenga chini, ongeza nta imalsifaya kidogo au kagua joto ulilochanganyia. Kwa kila mzigo andika namba, tarehe na uzito halisi wa kila kiungo, na ubaki na chupa moja isiyofunguliwa. Mteja wa Tanzania anayetaka kuona usajili, mwelekeze TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambako vipodozi vilihamishiwa mwaka 2019. Na mteja akirudi na losheni iliyobadilika rangi, fungua ile uliyobaki nayo. Kama yako ni safi, muulize aliihifadhi wapi na alikuwa akiichota kwa kitu gani. Kama nayo imebadilika, ita mzigo wote urudi.